Kapeti linalolowa kwenye gari la paa la turubai: achaneni na silikoni kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 2001, ile yenye paa la turubai. Mvua ikinyesha kapeti la upande wa abiria linalowa chepechepe, na asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kwenye raba iliyo juu ya kioo cha mbele, maji yakaendelea kuingia. Wa pili akapaka kuzunguka milango yote miwili, na sasa maji yamezidi kuliko mwanzo. Je, ni silikoni ya aina gani inayoshika vizuri? Au ninunue paa jipya?

JIBU: Marahaba. Usinunue silikoni nyingine, na paa jipya usilifikirie kwa sasa. Kati ya hao mafundi wawili sioni hata mmoja aliyetafuta maji yanaingilia wapi. Walipaka tu. Na kwa maelezo yako, nashuku huyo wa pili ndiye aliyeongeza tatizo.

Barua za aina hii napata kila msimu wa mvua, na karibu zote zinaanza na dhana moja: maji yakionekana miguuni, basi pengo liko juu ya miguu. Sivyo yanavyokwenda. Sakafu ya gari ina mabonde na matuta chini ya kapeti, na maji hutembea mpaka mahali pa chini kuliko pote. Yanaweza kuingilia nyuma ya kiti, yakapita chini ya kiti, yakatulia mbele pale unapoweka miguu. Wewe unayaona mbele, fundi anapaka mbele, na tundu liko nyuma kabisa, halijaguswa.

Paa la gari lako limekusudiwa lipitishe maji mahali fulani. Turubai linaishia nyuma ya viti, na pale linapoishia kuna mfereji wa plastiki unaopokea maji yote yanayoteremka kutoka kwenye paa, kama gata la nyumba. Mfereji huo unayapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na nguzo za mikanda ya usalama. Toka hapo yanashuka kwa mpira hadi chini ya gari. Gari likilala chini ya miti, au likikaa miaka bila kusafishwa humo, matundu yanaziba. Ukiingiza kidole utatoa uji mweusi wa majani yaliyooza, vumbi na nyuzi za turubai, wenye harufu ya dimbwi. Mvua ikija, mfereji unajaa, unafurika, na maji yanaangukia ndani. Paa ni zima, raba ni nzima, na kapeti linaogelea.

Kwa hiyo anzia hapo. Sogeza viti mbele, inua kapeti la nyuma ya viti, mulika kwa tochi mpaka uyaone matundu. Mimina kikombe cha maji taratibu huku mwenzako akichungulia chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Maji yanatakiwa yatokee papo hapo, tena kwa kasi. Yakisimama, au yakichuruzika kidogo kidogo, umeshapata mshukiwa wa kwanza. Fanya hivyo pande zote mbili hata kama unalowa upande mmoja tu.

Kuzibua kunataka upole. Tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ncha yake uichome kidogo iwe duara isichane mpira. Ingiza, zungusha, vuta, mimina maji, rudia. Waya mgumu unatoboa mpira. Upepo wa kompresa ni mbaya zaidi, maana unaweza kuuchomoa mpira kwenye kiungio chake ndani ya bodi, mahali usipoweza kuona. Ukishachomoka, kila mvua inamwagika ndani ya chasisi ya pembeni, chuma kinaoza kutoka ndani, na wewe unadhani umepona kwa sababu kapeti ni kavu.

Sasa turudi kwenye milango, na huyu fundi wa pili. Mlango wa gari lolote huingia maji. Yanapita kati ya kioo na raba ya nje, yanashuka ndani ya mlango, yanatokea kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni mwa chini. Ndivyo ulivyoundwa. Kinachoyazuia yasije upande wako ni karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya ubao wa mlango. Aliyepaka silikoni kuzunguka mlango wote huenda amevifunika vile vitundu vya chini. Lala chini uangalie. Ukisikia maji yanacheza ndani ya mlango unapoufunga, jibu umeshalipata: mlango umegeuka tangi, na likijaa linamwagikia ndani. Bandua silikoni hiyo, fungua vitundu, kisha toa ubao ukague kama ile plastiki imebanduka. Gundi yake ikikauka huachia, na watu wengi wakibadilisha spika za redio huichana bila kujali.

Hayo yote yakiwa sawa na bado kunalowa, ndipo tunapima raba. Chukua kipande cha karatasi, kiweke juu ya raba, funga kioo au paa juu yake, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, hapo raba haibani. Mara nyingi dawa yake ni kurekebisha kioo cha mlango kiegemee ndani kidogo zaidi, au kukaza makomeo ya paa yavute vizuri kwenye fremu ya kioo cha mbele. Raba yenyewe ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke, ipake grisi ya silikoni kidogo ilainike. Grisi hiyo ni kitu kingine kabisa na ile silikoni ya kuzibia, msichanganye. Na grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli isiiguse raba, inaivimbisha na kuiharibu.

Mwisho ni kipimo cha maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, kapeti likiwa limeinuliwa na sakafu kavu. Wa nje ashike mpira wa maji usio na kibonyezo cha kurusha, maji yatiririke tu. Aanzie chini ya mlango, akae dakika kadhaa, ndipo apande kwenye kioo, halafu paa. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Mashine ya kuoshea magari ya presha haifai kwa kazi hii hata kidogo. Inasukuma maji hata kwenye raba nzima, na inakupa kosa ambalo mvua haina.

Naisema silikoni kwa ukali kwa sababu naona inachoacha. Ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula chuma pale rangi ilipokwaruzika. Rangi mpya haikai juu ya mabaki yake, inajikusanya na kuacha vijitundu, hivyo siku unapotaka kupiga rangi fundi bodi atahangaika. Zaidi ya hapo, inaziba njia ya kutokea bila kuziba ya kuingilia. Anayekuja na kopo mkononi kabla ya kumwaga hata kikombe kimoja cha maji hajui anachotibu, na wewe unamlipa kwa kubahatisha.

Na msidhani hasara inaishia kwenye kapeti. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayonyonya maji na kuyashika kwa wiki nyingi; juu unaona pakavu, chini panaoza. Ukungu wa vioo unatoka humo. Kwenye Porsche Boxster za kwanza, kompyuta ya kizuia wizi iko chini ya kiti, na ikilowa gari linakataa kuwaka. Kwenye BMW Z4 za kizazi cha kwanza, pampu ya kufungulia paa imewekwa chini kabisa kwenye kona ya nyuma. Tundu la maji likiziba, pampu inazama na kufa. Wenye magari haya huambiwa gari lina ugonjwa wa umeme. Wananunua pampu, wananunua kompyuta, wanazifunga palepale penye maji, na mvua inayofuata inaziua tena.

Kwa hiyo wewe, na yeyote anayetaka kununua gari la paa la turubai: ingiza mkono chini ya kapeti na uibonyeze sponji kwa nguvu. Kama imelowa, viti vitoke na kapeti litoke lianikwe nje ya gari. Kuwasha hita na kufungua madirisha hakuikaushi. Toa betri kwanza kabla ya kuchomoa soketi za njano zilizo chini ya viti, kama zipo, zile ni za mikoba ya hewa (airbag). Kapeti usilirudishe mpaka upite usiku mzima wa mvua, au kipimo kamili cha maji, na sakafu ya chuma ibaki kavu. Ukishafanya kikombe cha nyuma ya viti na kuvikagua vitundu vya milango, niandikie umekuta nini, tuendelee kutoka hapo.