Jibu kwa mleta mada: Baghdad haikutulizwa na Petraeus peke yake

Mleta mada kasema Sunni na Shia wa Iraq walikuwa wanachinjana tangu siku ya Karbala, pale alipouawa Hussein mjukuu wa Mtume, Mmarekani alipovamia 2003 kawakuta hivyo hivyo, na kama si Jenerali Petraeus kuja na mbinu mpya mwaka 2007 basi Baghdad ingeisha yote. Naona wengi mmempa heko. Mimi nilikuwa mlinzi kwenye kambi kubwa karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad kati ya 2007 na 2009. Sikuwa mwanajeshi, nilikuwa mmoja wa wale walinzi wa kampuni tuliosombwa kutoka Afrika Mashariki, wengi wakiwa Waganda waliowahi kuvaa magwanda kwao, sisi Wakenya tukiwa wachache. Kwa hiyo msitegemee uchambuzi wa jenerali. Ila nusu ya maelezo yako mkuu si kweli, na nusu nyingine ni kweli ambayo hukuimaliza.

Nianze na hili la Karbala. Mimi ni Sunni wa Mombasa. Nimekua nikiwaona Maithnaasheri wetu, yaani Mashia wa kwetu, wakitoka na majulusi ya Muharram, maandamano yao ya maombolezo, mjini, watu wanapisha njia wanaendelea na biashara zao. Nilipofika Iraq nilidhani nitakuta watu wasioweza kukaa chumba kimoja. Asubuhi getini walikuwa wanapanga foleni vibarua wa Kiiraqi: waashi, wafagiaji, madereva wa malori ya maji, wakalimani. Kwa kuwa nilikuwa na Kiarabu kidogo cha madrasa niliwekwa mbele kuwapekua, ingawa Kiarabu cha kitabuni na kile cha Baghdad ni mbingu na ardhi. Wiki ya kwanza walinicheka sana. Nikaanza kuwajua. Huyu baba yake Sunni mama yake Shia, yule dada yake kaolewa upande wa pili. Makabila makubwa kama Shammar na Jubur yana Sunni na Shia ndani yake, kabila moja, babu mmoja.

Sisemi hakukuwa na deni. Saddam aliwafanyia Mashia unyama. Walipoinuka mwaka 1991 baada ya vita ya Kuwait aliwamaliza kwa maelfu, na makaburi ya pamoja yamefukuliwa baada ya 2003. Lakini huo ulikuwa mkono wa serikali. Mtaani jirani alikuwa hajamgeukia jirani.

Sasa angalia kilichofuata. Mei 2003 Paul Bremer, aliyewekwa na Washington kuitawala Iraq, alitia saini amri mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza iliwafukuza kazi wakubwa wa chama cha Baath, chama cha Saddam, wakiwemo walimu na madaktari waliokuwa na kadi ya chama ili wapande cheo tu. Ya pili ilivunja jeshi zima. Wanaume zaidi ya laki tatu wanaojua bunduki walirudi nyumbani mikono mitupu. Wale Waganda niliokuwa nao zamu walikuwa wanajeshi wa zamani, na hili walilielewa haraka kuliko mtu yeyote: askari ukimnyima mshahara na heshima siku moja, umempa kazi nyingine.

Julai mwaka huo huo likaundwa Baraza la Uongozi la watu 25, viti vikagawanywa kwa madhehebu na kabila: Mashia 13, Waarabu wa Kisunni 5, Wakurdi 5, Mturukimeni 1, Mkristo 1. Mpaka katibu wa chama cha Kikomunisti alihesabiwa kwenye mgao wa Mashia! Tangu hapo ukitaka wizara, ajira au hata ukarani lazima uwe na madhehebu yako nyuma. Hayo hayakutoka Karbala, yalipangwa mezani mbele ya Mmarekani aliyeikalia nchi.

Zarqawi, yule Mjordani wa Al-Qaeda, akaona upenyo. Barua yake iliyonaswa mapema 2004 ilisema wazi mpango wake: wapige Mashia mpaka walipize, ili Masunni wasiwe na pa kukimbilia ila kwake. Machi 2004, siku ya Ashura, mabomu yaliua mahujaji Karbala na Kadhimiya, mtaa wa Baghdad. Mashia walivumilia karibu miaka miwili, kwa kiasi kikubwa kwa sababu Ayatullah Sistani, kiongozi wao mkuu wa dini, aliwazuia. Agosti 2005, kwenye daraja la Maimamu linalounganisha Kadhimiya ya Mashia na Adhamiya ya Masunni, uvumi wa mtu mwenye bomu ulizusha mkanyagano na watu karibu elfu moja wakafa. Kijana wa Kisunni wa Adhamiya, Othman Ali, alijitosa mtoni kuwaokoa, akavuta watu kadhaa, mwishowe akazama mwenyewe. Hao ndio watu mnaosema wamechinjana miaka 1400.

Kilichobomoa kila kitu ni Februari 22, 2006, kuba la dhahabu la Samarra, ziara takatifu ya Mashia, lilipolipuliwa. Bomu lenyewe halikuua mtu, ila kisasi kilianza siku hiyo hiyo. Mwaka huo Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 34,000 waliouawa. Ukiokota maiti Baghdad ulijua aliyemuua kwa namna alivyouawa: aliyekatwa kichwa, kazi ya Al-Qaeda, aliyetobolewa kwa keekee ya umeme, kazi ya wanamgambo wa Kishia.

Hapa ndipo mbinu za Mmarekani zilipochangia, na sioni mtu aliyelitaja kwenye uzi huu. Yeye aliona anapigana na waasi wa Kisunni, basi dawa ikawa kuharakisha kufundisha polisi ili wakisimama yeye aondoke. Lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imeshajaa wanamgambo wa Badr, kundi la Kishia. Novemba 2005 wanajeshi wa Marekani wenyewe walikuta jela ya siri ya wizara hiyo pale Jadiriya, wafungwa zaidi ya 160, wengi Masunni, wakiwa wameteswa. Yaani upande mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ulipewa sare, magari na mshahara.

Kuna asubuhi nilimpekua fundi rangi mmoja, kijana mpole. Beji ya kambi aliificha ndani ya soksi kama wengi wao, maana kukutwa nayo barabarani ilikuwa kifo. Alipoivuta zikadondoka kadi mbili za uraia. Picha ile ile. Moja imeandikwa Omar, jina la Kisunni, nyingine Haidar, jina la Kishia. Utaratibu ulisema kitambulisho cha bandia ni kosa, nikamwita sajenti na mkalimani. Mkalimani, aliyekuwa amejifunika uso kwa soksi nyeusi mpaka machoni, hata hakumuuliza kijana.

"Hii ya Omar ndiyo yake," akasema. "Hii ya Haidar ni ya kupitia Hurriya."

Hurriya ulikuwa mtaa mchanganyiko, Jeshi la Mahdi, wanamgambo wa Kishia wa Muqtada al-Sadr, lilikuwa limewafukuza Masunni mwishoni mwa 2006. Sajenti akamrudishia kadi zote mbili. Akapita kupaka rangi.

Tuje kwa Petraeus sasa. Haki yake nampa. Alichukua uongozi Februari 2007, akaongezewa brigedi tano, karibu askari 30,000, na akawatoa kwenye makambi makubwa kwenda kulala mitaani katika vituo vya pamoja na Wairaqi. Hilo lilikuwa jambo la maana, maana zamani walikuwa wanapita na magari mchana, usiku mtaa unarudi kwa mwenye bunduki. Na liliwagharimu: hakuna mwaka uliowaua Wamarekani wengi Iraq kama 2007, zaidi ya 900.

Lakini wakati wanaingia mitaani, kazi ya kuhamisha watu kwa madhehebu ilikuwa imeshafanyika sehemu kubwa. Huwezi kumfukuza Msunni wa Hurriya mara mbili. Wakaja na kuta za zege, vipande vya futi 12 kwenda juu vinavyoshushwa kwa kreni usiku, mtaa unaamka umezingirwa na mlango mmoja. Ule wa Adhamiya, Aprili 2007, wakazi wenyewe waliandamana kuupinga na hata Waziri Mkuu Maliki, Mshia, akasema hadharani usimamishwe. Vibarua wetu walikuwa wanauchukia na wakati huo huo wanakiri kwamba magari ya mabomu yamepungua. Vyote viwili vilikuwa kweli. Ukuta ulizuia muuaji, na uligandisha mgawanyo alioutengeneza muuaji.

Na huko Anbar, mkoa wa Masunni, masheikh wa makabila wakiongozwa na Abdul Sattar Abu Risha walishaigeuka Al-Qaeda tangu Septemba 2006, kabla Petraeus hajafika, baada ya kuchoka kuuliwa watoto wao na kuingiliwa biashara zao. Alichofanya yeye ni kulikuza jambo hilo na kulilipia: watu karibu laki moja, wengi wao waasi wa jana, dola 300 hivi kwa mwezi. Agosti 2007 Muqtada al-Sadr naye akaamuru Jeshi la Mahdi lisimamishe silaha baada ya mapigano ya Karbala. Ondoa hayo mawili, kisha uniambie hao askari 30,000 wangefika wapi katika nchi ile.

Mwaka 2008 orodha ya malipo ya hao wapiganaji wa Kisunni ikaanza kukabidhiwa serikali ya Maliki, kwa ahadi kwamba mmoja kati ya watano ataingizwa polisi au jeshini. Walioingizwa walikuwa pungufu, wengine wakakamatwa. Askari wa mwisho wa Marekani waliondoka Desemba 18, 2011, na kesho yake hati ya kumkamata Makamu wa Rais Tariq al-Hashimi, Msunni, ikatangazwa. Juni 2014 Mosul ikaanguka mikononi mwa Dola la Kiislamu (ISIS). Kama 2007 ulikuwa ushindi, mkuu, ulidumu muda gani?

Yule aliyeuliza mimi Mswahili nilifuata nini huko: nilifuata mshahara, dola mia sita na kitu kwa mwezi, chini ya nilichoahidiwa Nairobi. Na hesabu yake ni rahisi. Ili askari wa Marekani aende kulala mtaani Ghazaliya, Baghdad, lazima mtu mwingine asimame getini, na Mganda au Mkenya alikuwa bei nafuu. Makombora yalipoanguka kambini tulikimbilia bunka zile zile za zege. Tofauti ni kwamba ukifa, jina lako haliwekwi kwenye hesabu ya askari waliokufa vitani. Mwenye swali la mikataba ile aniulize hapa hapa, inbox sijibu.