Maswali ya wasomaji: Kampuni kubwa inataka kunishika mkono, nisaini nini?

Nina karakana ya kuchomelea vyuma, tuko watu saba. Kaka yangu anayeishi Dallas anasema huko kampuni kubwa hulea ndogo na wote wawili huingia zabuni ya serikali pamoja. Je, kwetu jambo hilo lipo?
*Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi*

Kaka yako anasema kweli. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina mpango wa namna hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na mwingine mkubwa zaidi uko chini ya SBA, idara ya serikali inayoshughulikia biashara ndogo. Kwa SBA, mkataba wa ulezi hauzidi miaka 6. Mlezi hawezi kulea zaidi ya kampuni 3 kwa wakati mmoja, na akitaka kununua hisa za mdogo wake hapiti 40%. Wakiunda kampuni ya pamoja, mdogo ndiye anayeshika angalau 51%, na katika kazi inayofanywa na hao wawili lazima afanye angalau 40% kwa mikono yake, si kupanga karatasi tu.

Usidhani ni huruma. Serikali ya kule hutenga zabuni kwa ajili ya kampuni ndogo peke yake, na lengo lake ni kuzipa 23% ya fedha za mikataba ambayo serikali yenyewe inaingia na kampuni, bila kupitia kampuni nyingine. Mkubwa anayemlea mdogo anaingia kwenye nyumba ambayo peke yake angefungiwa mlango. Kwa hiyo ukitafuta mlezi hapa, swali la kwanza ni hili: yeye anafaidika nini nawe? Asiye na jibu la wazi atakuachia kazi mkononi siku mambo yatakapokuwa magumu.

Kwetu Kongo kuna njia kadhaa. Sheria ya masoko ya serikali, yaani mikataba ya kazi na manunuzi yake, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inakubali kampuni ziungane katika zabuni moja, ndiyo groupement. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inahusu kazi ndogo (sous-traitance), yaani sehemu ya kazi ambayo kampuni kuu ya binafsi inaikabidhi kampuni nyingine, migodi ikiwemo. Hiyo inazitenga kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na kampuni kuu haiwezi kugawa zaidi ya 40% ya thamani ya soko lake. Msimamizi wake ni ARSP, mamlaka ya serikali ya kazi hizo, na bila kujiandikisha huko hutaitwa. ANADEC, shirika la serikali la kukuza wajasiriamali, na mradi wa TRANSFORME unaofadhiliwa na Benki ya Dunia husaidia wajasiriamali kwa mafunzo na kuwafuatilia. Hao hawagawi masoko, na anayekwambia wanagawa anakudanganya.

Kwa watu saba, ushauri wetu ni kuanzia chini kabisa. Code minier, ndiyo sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni za madini angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Pesa hizo hununua madawati, hujenga madarasa na vituo vya afya. Ni masoko madogo, lakini yanakuachia karatasi yenye jina lako, na bila karatasi ya namna hiyo soko kubwa la serikali halikutazami.

Kampuni moja kubwa inataka tuungane kwa zabuni ya mashuka na sare za hospitali. Wanasema niwape RCCM yangu (hati ya usajili wa biashara) na muhuri, mengine wataandika wao. Faida tutagawana.
*Mama mwenye karakana ya kushona, Katuba*

Mama, muhuri usitoke nyumbani. Hapo hakuna ulezi, wanakodi jina lako.

Soma kwanza kama dosie ya zabuni, yaani karatasi za masharti yake, inataka groupement solidaire. Maana yake ni kwamba mwenzako akikimbia, serikali inakudai wewe kazi nzima, hata ile ambayo hukuigusa. Ikiwa ni hivyo, mkataba wa ndani kati yenu wawili ndio kinga yako, na usainiwe kabla ya zabuni kupelekwa. Baada ya kushinda, mwenye nguvu hataki tena kuandika.

Ndani ya mkataba huo kazi igawanywe kwa mistari ya orodha ya bei. Maneno kama “tutafanya kwa pamoja” hayatoshi. Andika: mstari wa 3, sare za wauguzi, wa 4, mashuka ya vitanda, zinashonwa Katuba; kitambaa kinaletwa na fulani, tarehe fulani, mita kadhaa. Kitambaa kikichelewa, nani anabeba faini ya kuchelewa? Hilo lisipoandikwa, utabeba wewe unayeonekana na cherehani.

Halafu pesa. Dai malipo yaingie kwenye akaunti inayohitaji sahihi zenu wote wawili, au kila mmoja alipwe kwenye akaunti yake ikiwa dosie inaruhusu. Yakipitia kwa kiongozi wa groupement peke yake, weka idadi ya siku ambazo asizipite kabla ya kukutumia fungu lako, na aambatishe karatasi ya benki.

La mwisho ndilo watu husahau. Kazi ikimalizika, cheti cha utekelezaji mzuri kitaje kampuni yako na sehemu uliyofanya. Zabuni ijayo itakuuliza umewahi kufanya kazi kama hiyo wapi na ya kiasi gani, na kama cheti kina jina la mkubwa tu, utarudi ulipoanza. Mlezi wa kweli pia hukukalisha mezani siku ya kukadiria bei. Akikataa usione bei, achana naye.

Nimefuata mafunzo mara mbili, nina cheti, lakini zabuni zangu hutupwa kabla hata ya kusoma bei. Kwa nini?
*Msomaji wa Ruashi*

Kwa sababu mafunzo mengi hukufundisha kuandika mpango wa biashara, na tume ya uchambuzi haisomi mpango wa biashara. Inafungua bahasha na kutafuta karatasi moja moja.

Cheti cha kodi cha DGI, idara ya kodi, lazima kiwe hai siku ya kufungua zabuni. Jina la kampuni liwe lilelile kwenye RCCM, namba ya kodi, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) na benki. “Ets” (établissements) ikiongezwa upande mmoja na kukosekana upande mwingine, mtu atauliza kama ni kampuni mbili. Anayesaini, kama si meneja aliyeandikwa kwenye RCCM, awe na barua ya mamlaka.

Dhamana ya benki inayoambatishwa na zabuni ndiyo inayoua wengi. Dosie zinazofuata mfano wa Benki ya Dunia hutaka dhamana ibaki hai siku 28 baada ya muda wa zabuni yenyewe kuisha. Zabuni ya siku 120 inadai dhamana ya siku 148. Karani wa benki anaandika “miezi minne”, wewe husomi, na imekwisha. Mpelekee ile fomu iliyomo ndani ya dosie aijaze hiyohiyo, asitumie ya benki yake.

Upande wa bei, kanuni ya kawaida ni kwamba bei ya kipande hushinda jumla, na maneno hushinda tarakimu. Chukua madawati 400 kwa dola 65: jumla ni 26,000. Kidole kikiteleza ukaandika 56, tume itakurekebishia iwe 22,400. Ukikataa, zabuni inatupwa na dhamana yako inaweza kuchukuliwa. Angalia pia kama bei inatakiwa na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) au bila TVA. Hiyo ni 16%, na mara nyingi ndiyo faida yako yote.

Tuma mtu kwenye kikao cha kufungua, ni cha wazi, aandike bei zinazosomwa. Ukishindwa, omba sababu kwa maandishi. Malalamiko huanzia kwa ofisi iliyotangaza zabuni, kisha ARMP, mamlaka inayosimamia masoko ya serikali. Siku za kulalamika ni chache, usingoje mwezi uishe.

Bwana mmoja anadai dola 500 aniingize kwenye mpango wa ulezi. Nilipe?
*Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Hapana. Dosie ya zabuni inaweza kuwa na bei, lakini bei hiyo imeandikwa kwenye tangazo na inalipwa kwa risiti.

Tumeshinda madawati 400! Sasa pesa za kuanzia tutoe wapi?
*Mafundi wa Kamalondo*

Hongera. Kabla ya benki, rudini kwenye hesabu. Dawati likila mita 7.2 za bomba la mraba, 400 ni mita 2,880, yaani mabaa 480 ya mita 6. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kama vipande vingi ni vya mita 1.10, baa moja inatoa vitano na kuacha sentimita 50, karibu 8% imepotea. Dukani mtahitaji mabaa yapata 520. Ongezeni fimbo za kuchomelea, diski, rangi, na mazuti ya jenereta, kwa sababu umeme wa SNEL hautafuata ratiba yenu.

Kama mnafanya kazi ndogo chini ya kampuni binafsi, sheria ya 2017 inaidai ilipe angalau 30% kabla ya kuanza. Kwa soko la serikali, malipo ya mwanzo huombewa dhamana ya kiasi hichohicho, na benki itafungia pesa zenu au hati ya kiwanja. Njia nyepesi ni kupeleka kwa mafungu: madawati 100, hati ya kupokea, fakture (ankara), malipo, kisha mengine 100. Hilo lilipaswa kuulizwa kwa maandishi wakati wa maswali ya zabuni. Kama mkataba bado haujasainiwa, ulizeni leo. Na gari lisiondoke shuleni kabla tume ya kupokea haijasaini yote: fakture isiyo na hati hiyo haipiti mezani kwa mhasibu.