Fundi umeme au fundi elektroniki?

"Shikamoo mwalimu. Mi natengeneza redio na simu hapa Masasi, nataka kuandika kibao cha duka. Jirani ananiambia niandike fundi umeme, eti elektroniki ni uzungu tu. Ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Si kweli, na ukiandika fundi umeme watu watakuja kukuita ukawafungie waya za nyumba.

Umeme ni neno letu la zamani, lilikuwa la radi na mawingu, mpaka leo mvua ikichachamaa huku kusini tunasema umeme umepiga, halafu ulipokuja huu wa kwenye waya tukaupa jina hilohilo na likakaa vizuri. Kazi yake kubwa ni kuleta nguvu, taa iwake, pasi ipate moto, mashine ya kusaga izunguke. Elektroniki ni sayansi nyingine iliyozaliwa baadae, hiyo inahusu kuziongoza elektroni zenyewe, vile vichembe vidogo mno vinavyobeba umeme, na ndo maana ikabeba jina lao. Jina elektroni alilitoa George Johnstone Stoney mwaka 1891, J. J. Thomson akaja kuithibitisha kule Cambridge mwaka 1897. Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, Fleming, akatengeneza chupa ya kioo yenye vipande viwili ndani, inayopitisha mkondo wa umeme upande mmoja tu. Sasa hapa ndo penyewe: mwaka 1906 Lee de Forest, Mmarekani, akaongeza kitu cha tatu ndani ya chupa, kiwaya kinaitwa gridi, kakaa katikati ya vile viwili vya mwanzo, ukikipa mawimbi dhaifu yaliyotoka kwenye antena basi mkondo mkubwa unaopita pale unayafuata yalivyo, unapanda yakipanda unashuka yakishuka, na sauti ndogo inakuwa kubwa. Kidogo kinakiamrisha kikubwa. Swichi ya ukutani haifanyi hivyo, na neno umeme peke yake haliwezi kulisema jambo hilo.

Zile chupa zilikuwa zinakula umeme mwingi na zinaungua. Desemba 1947 pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu huko Marekani, Bardeen na Brattain wakaifanya kazi ileile kwa kipande kigumu cha jemaniamu, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, ikawa transista, na mwaka 1956 wao na mwenzao Shockley wakapewa tuzo ya Nobeli. Ndo hicho cha miguu mitatu unachokilehemu kila siku! Baadae zikabanwa nyingi kwenye kipande kimoja kidogo, ndo chipu: ile ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilibeba transista 2,300.

Kwahiyo andika "Fundi elektroniki", au ukitaka kirefu "Fundi wa vifaa vya kielektroniki". Usiandike elektroniksi, hiyo s ya mwisho haina kazi kwetu. Na ukimfundisha kijana wako mwambie elektroni inapita, elektroni zinapita, siyo maelektroni. Kama kibao ni kidogo, "Fundi redio na simu" ni kiswahili safi kabisa na hata bibi anaetoka kijijini na redio yake kwenye kanga atajua amefika.