Nilipanda Taksi Njiani Kwenda Namugongo

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Anasema aliokoka miaka minne iliyopita. Mwaka wa kwanza alikuwa akiamka saa tisa usiku kusali bila kuamshwa na mtu. Sasa akipiga magoti anasinzia. Anauliza: "Dada, nitajuaje kama bado natembea na Mungu au nimebaki njiani?" Nilianza kumjibu kwa simu, mistari miwili, nikafuta. Swali lake limenigusa penye kidonda, na najua wengi mnaosoma hapa mnalo hilohilo, basi nimjibu mbele yenu.

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, watu wananijua kama mtu wa kanisa. Mchana nipo kwenye kiofisi cha wakala wa forodha, nashughulika na makaratasi ya malori. Jioni nipo kwaya. Mwaka 2020 korona ilipoubana mpaka, foleni ya malori ikawa haina mwisho na mimi nikabaki nyumbani bila kazi. Nikaweka nadhiri: nikirudi kazini, nitakwenda Namugongo kwa miguu. Nikarudi kazini. Ila mwaka ule na uliofuata umati wa mahujaji haukuruhusiwa, kwa hiyo nadhiri ikanisubiri hadi Juni 2022. Nisiwafiche, kuchelewa kwenyewe kulinifurahisha.

Kwa wasomaji wa ng'ambo ya mpaka: Namugongo, karibu na Kampala, ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, enzi za Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Sisi Wakatoliki tunawaheshimu wafiadini 22, na ndugu zetu Waanglikana wanao 23. Kila mwaka watu hutembea kwenda huko, wengine kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Kutoka kwetu Malaba ni zaidi ya kilomita 200.

Siku za mwanzo sitazisimulia. Jua, rozari, miwa ya Busoga pande zote mbili za barabara, rozari, miwa tena. Usiku tunalala sakafuni kwenye madarasa ya shule. Tulivuka Nile pale Jinja tukiimba, na hapo bado nilikuwa mbele na bendera mkononi. Lakini raba zangu za mitumba zilikuwa zinabana, na tulipoingia msitu wa Mabira ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi na unacheza. Nikaanza kuchechemea. Kundi likanipita. Bendera niliikabidhi kwa kijana mmoja nikisema nakwenda kujisaidia.

Waliopita Najjembe, soko la kando ya barabara humohumo Mabira, wanapajua. Gari likisimama tu, wauzaji wanalizingira na vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) za moto, wanavisukuma dirishani hadi mafuta yanadondokea mapajani. Nilikaa kwenye jiwe nikivua soksi, taksi ikasimama abiria wanunue kuku. Konda akanitazama: "Nnyabo (mama), Kampala? Imebaki siti moja."

Nikaingia. Nataka mlione hili vizuri, kwa sababu tunavyotoa shuhuda zetu mtu anaweza kudhani kila kuanguka huja na ngurumo. Sikumwona shetani, wala sikupambana na chochote. Nilichokiona ni siti.

Nililala Kireka kwa binamu yangu siku mbili, nikaoga maji ya moto, nikala matooke na mchuzi wa karanga. Siku ambayo kundi letu lilitarajiwa, nikaenda kuwasubiri Kyaliwajjala, jirani na Namugongo. Nilipozisikia nyimbo zinakuja nilijitazama miguu. Raba zilikuwa safi, binamu alikuwa amenifulia. Nikazunguka nyuma ya steji ya bodaboda, nikainama, nikachota vumbi jekundu kwa viganja na kuzipaka juu, pembeni, hadi kwenye kamba. Kisha nikaingia katikati ya watu nikiimba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Tuliporudi niliitwa mbele kutoa ushuhuda. Nikasema nimetembea "hatua kwa hatua". Vigelegele vikapigwa. Wiki mbili baadaye nikachaguliwa kiongozi wa mahujaji wa kigango. Nilipenda sana, sisemi uongo tena. Mzee wetu katekista ndiye peke yake aliyenijia baada ya Misa, na fimbo yake ileile aliyotembea nayo, akaniuliza, "Mabira ilikuwaje, binti yangu?" Nikamjibu kulikuwa na baridi.

Tangu siku hiyo sala zangu zilikauka. Dada uliyeniandikia, sikia: nilikuwa nasali kama mtu anayepita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na anayemdai. Maneno nilikuwa nayo, tena mazuri, na watu waliniomba niwaombee wagonjwa. Lakini nikibaki peke yangu nilishika simu. Nilifunga, nikakesha, nikabadilisha kitabu cha sala nikidhani tatizo ni kitabu. Hayo yote yalikuwa kuzipaka raba vumbi tu.

Kwaresima iliyopita nikaungama. Padre hakunihubiria. Aliniambia nikamwambie ukweli mtu mmoja niliyemdanganya, nimchague mimi mwenyewe. Nikaenda kwa mzee. Alikuwa uani anamenya karanga, nikakaa kwenye kigoda nikamsaidia kumenya, na karanga zikakaribia kwisha kabla sijafungua mdomo. Nilipomaliza kusimulia akasema, "Tulipotoka Mabira tulinyeshewa Lugazi hadi viatu vikawa tope tupu. Wewe ulikuja na vumbi."

"Sasa mbona mzee hukusema miaka yote hii?"

"Nilijua nikisema utaacha kuja Misa."

Akaendelea kumenya.

Ushauri wangu basi ni huu, na sina mwingine mkubwa: mwambie Mungu mahali ulipo. Usimwambie mahali ulipotakiwa uwe, wala mahali ulipokuwa mwaka ule ulipookoka. Unasinzia? Mwambie, "Bwana, nasinzia." Eliya alichoka hadi akaomba kufa, akalala chini ya mti, na malaika alimwamsha ale mkate kwanza kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, hakumsomea makosa yake. Na utafute mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hutamwigizia. Sisemi umati. Umati ndio ulionipigia vigelegele.

Kwa maana mimi nilikwenda mbele zaidi, nikauambia ukweli umati pia, katika jumuiya, na sijui kama nawashauri mfanye hivyo. Uongozi niliuachia, ilikuwa haki. Lakini wapo akina mama wanaoniita "Mama Taksi" hadi leo, wananipigia hata honi kwa mdomo nikipita sokoni. Nawasamehe kila Jumapili, na kila Jumatatu naanza upya. Nawajua kadhaa kati yao na najua na wao walifikaje walikofika, ila hayo si ya kuandika hapa.

Tunapenda kuhesabu waliofika, ndugu zangu. Basilika ya Namugongo imesimama juu ya nguzo 22, moja kwa kila mfiadini, na mtu anaweza kudhani wote 22 walifia pale. Sivyo. Gonzaga Gonza aliuawa Lubawo tarehe 27 Mei, akiwa bado yuko njiani, minyororo ikiwa imemtafuna miguu hata hawezi kuendelea. Namugongo hakuiona. Na yumo kwenye hesabu ya 22. Mimi silinganishi ukucha wangu na minyororo yake, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba anayetupokea anajua kila mmoja wetu ameishia kilomita gani, basi tumdanganye ili iweje? Acheni kujipaka vumbi! Unayejifanya bado una moto wa mwaka wa kwanza, acha. Unayeogopa kwamba Mungu amekuacha kwa sababu husikii kitu unaposali, huo woga wenyewe mpelekee yeye, ni sala tosha kwa leo.

Juni hii nilitembea tena, nyuma kabisa, kwa raba mpya za saizi yangu. Mzee hakuweza kuja, goti limemkataa. Najjembe nilinunua gonja nikala nikiwa nimesimama, taksi tatu zikasimama na kuondoka. Nilivuka msitu wote. Nilipofika Lugazi kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na nesi wa kundi akasema basi.

Nikapanda taksi. Kabla konda hajafunga mlango nilishampigia mzee. Nikamwambia, "Mzee, nipo Lugazi, napanda gari." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia hapana, ni jua tupu.