Raven haibebi bomu

Kaka, umesema ndege kwenye ile video ya askari inabeba bomu. Hapana. Hiyo ndege, ile askari anairusha kwa mkono kama mkuki, ni Raven, droni ya jeshi ya Marekani, na haina bomu. Kazi yake ni kuchungulia tu: kamera ya mchana au ya joto (inayoona gizani) iko puani, picha zinamfikia askari kwenye skrini aliyoishika. Uzito ni kilo 2 hivi, mabawa karibu mita 1.4, betri dakika 60 hadi 90, umbali kama kilomita 10. Kwa wepesi huo mzigo utakaa wapi?

Nadhani umeichanganya na Switchblade, droni nyingine ya kampuni hiyohiyo inayotengeneza Raven, AeroVironment. Hiyo ndiyo yenye kilipuzi. Inafyatuliwa kutoka kwenye bomba na ikishapiga hairudi.

Kinachonivutia mimi ni Raven inavyotua. Haina magurudumu. Mota inazimwa, inashuka kama kishada kilichokatika uzi pale ufukweni Raskazone, na ikigonga chini inaachana vipandevipande. Imeundwa hivyo makusudi, ili viungo viachie kabla mwili haujavunjika. Unavipachika, unarusha tena. Narusha droni za harusi hapa Tanga; moja ilinidondokea mchangani mguu wake ukakatika papo hapo, kwa hiyo ubunifu huo nauheshimu sana.

Ila ile ndogo ya kiganjani mwishoni mwa video si Raven. Ni Black Hornet, asili yake Norwei. Nayo ni ya kuchungulia tu.