Fundi kapiga Windows upya, kazi hazipo na nafasi haipo

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha na video za shughuli, niko Kiborloni hapa Moshi. Laptop yangu ina SSD ya GB 256, ilikuwa nzito, Jumatatu nikaipeleka kwa fundi akanipigia Windows upya. Kuiwasha nyumbani deskitopu nyeupe, klipu za kipaimara cha mteja wa Marangu hazipo, alafu cha ajabu diski C ndo imekuwa nyekundu, zimebaki GB 9. Sasa kama kazi zimefutika, nafasi imeenda wapi? Nimefuta nyimbo zote na bado. Mteja anapiga simu kila siku jamani.
Dada wa Kiborloni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nyimbo umezionea bure, mia nzima zinaweza zisifike hata dakika moja ya video yako ya 4K, maana kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde dakika moja tu ni MB 750.

Swali lako la nafasi imeenda wapi ndo lenyewe. Nahisi huyo fundi hakufomati, yaani hakuifuta diski yote kwanza, kaweka Windows mpya juu ya ile ya zamani, na ikiwekwa hivyo ya zamani inasukumwa kwenye folda moja inaitwa Windows.old, pamoja na vitu vyako. Fungua diski C utaiona, ingia ndani, nenda Users, kisha jina ulilokuwa unatumia, alafu Desktop na Videos. Ikikuuliza ruhusa bonyeza Continue. Fanya leo leo, usingoje wikendi, kwa sababu Windows ina tabia ya kuifuta hiyo folda yenyewe zikipita siku 10.

Hamishia klipu kwenye hadi diski ya nje, na kabla hujafuta chochote zifungue huko huko kwenye hadi diski uangalie zinacheza mpaka mwisho, sio ile ndafu inaingia ukumbini picha inaganda. Mimi nilishawahi kufuta harusi ya mtu kwa Shift na Delete nikijua kopi ipo, kumbe ilikatikia njiani, na kwa njia hiyo hata kwenye kapu la taka haipiti. Na zile flashi za barabarani zinazoandikwa 2TB kwa bei ya chipsi kuku, achana nazo.

Ukishamaliza, Windows.old usiifute kwa mkono itakugomea. Ingia Setingi, Sistimu, Storeji, Temporary files, weka tiki palipoandikwa Previous Windows installation, ila folda ya Downloads ikiwa na tiki itoe kwanza.

Bado nyekundu? Ukiwa ndani ya diski C andika size:gigantic kwenye kiboksi cha kutafutia, italeta mafaili yaliyozidi GB 4. Ukikuta hiberfil.sys, faili la haibaneti (kuzima laptop huku ulichofungua kikihifadhiwa kwenye diski), usihangaike kuifuta, fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, kama administrator uandike powercfg /h off inaondoka yenyewe, utapoteza haibaneti na ule uwashaji wa haraka (Fast Startup). Kama unaediti na Premiere, kwenye Preferences kuna Media Cache, mafaili ya muda inayojitengenezea, ifute, ikihitajika itajitengeneza tena, mradi klipu zenyewe ziwepo.

Na huyo fundi usimgombeze sana. Angefomati, sasa hivi ungekuwa njiani kwenda Marangu kuomba msamaha.