Mzee aondoke kwanza, Zuhura abaki

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Nairobi, tunakaa ghorofa ya tatu South C. Tangu mwaka jana nawalea kwa muda paka wa kituo cha wanyama, wale ambao watu hawawataki kwa sababu ya maradhi au tabia, mpaka wapate nafuu au wapate mwenyewe. Sasa ninao wawili. Mzee ni dume la rangi ya chungwa, ana kisukari, namdunga insulini asubuhi na jioni. Mpole kupita kiasi, kila mgeni humpanda mapajani. Mume wangu nilimwambia ni wa wiki mbili. Huu mwezi wa tano.*

*Zuhura aliokotwa kwenye gereji Industrial Area, ana wiki tano kwangu. Mchana haonekani. Nimekuwa nikimvuta kutoka chini ya kitanda kila jioni ili azoee watu, na Jumanne akaniuma kidole hadi damu ikatoka. Nilipaka Dettol, kimevimba kidogo.*

*Nina mimba ya miezi minne, na nitakwenda kujifungulia kwetu Mombasa. Mama mkwe yuko hapa. Anasema manyoya ya paka yanaharibu mimba, na Mzee anamlalia kwenye msala. (Ingawa juzi nilimkuta jikoni anampa Mzee mandazi aliyoyachovya kwenye chai.) Mume amesema mwisho wa mwezi wote watoke. Hajui kwamba insulini nainunua kwa pesa za matumizi. Nimefikiria kumrudisha Zuhura nibaki na Mzee, maana Mzee angalau wanamvumilia. Lakini Zuhura akirudi nani atamchukua? Nalia usiku. Nifanyeje?*

*Mama Paka, South C*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mimba.

Ya mume na mama mkwe yatasubiri. Ukimaliza kusoma aya hii, panda matatu uende hospitali na hicho kidole. Jino la paka ni jembamba, huzamisha uchafu ndani kabisa kisha ngozi ikajifunga juu yake; kwa nje unaona tundu dogo tu, kumbe ndani usaha unajikusanya. Kidole kilichovimba baada ya kuumwa na paka hakitibiwi kwa Dettol. Tena liko kubwa zaidi ya usaha, nalo ni kichaa cha mbwa. Paka naye hukipata na hukiambukiza, na mtu akishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Jeraha la namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Lioshe hata sasa, ndipo utoke. Mwambie daktari una mimba. Mimba haizuii chanjo ya kichaa cha mbwa. Kituo nao waulize kama Zuhura alichanjwa, na paka mwenyewe aangaliwe siku 10 tangu Jumanne, kwani paka aliyeuma akiwa tayari anaambukiza, siku hizo hazipiti bila kuugua. Ila usikae nyumbani kumhesabia siku. Chanjo ianze, na kama ni ya kusimamishwa, daktari ndiye atakayesema.

Umeshatoka hospitali? Haya, tukae.

Zuhura hakukuuma kwa ukali wa tabia. Ulimvuta. Kiumbe aliyekulia chini ya magari mabovu, aliyejua kwamba mkono wa mtu huja na jiwe au maji ya moto, wewe kila jioni unauingiza mkono huo kwenye kificho chake cha pekee na kumburura. Nia yako nzuri naiona. Yeye aliona tu kwamba kila jua likizama anakamatwa.

Paka huwazoea watu kirahisi akiwa mdogo sana, tangu wiki ya pili hadi ya saba hivi, tisa ukipenda kumwongezea. Aliyeikosa nafasi hiyo anaweza kujifunza ukubwani, lakini polepole, na kwa masharti yake. Kwa hiyo mtoe chumbani kwenu. Kama kile chumba cha dada wa kazi ni kitupu, kama vilivyo vingi huko South C vinavyogeuzwa stoo ya masanduku, mpe hicho. Muwekee boksi lililolazwa kwa ubavu, kitambaa kikining'inia mlangoni pake, mchanga wa kujisaidia upande mmoja na chakula upande wa pili. Nyumba nzima ya kukimbilia si uhuru kwa paka mwenye woga, ni sehemu nyingi tu za kutishwa.

Kisha uingie humo na usifanye kitu. Kaa sakafuni, mgongo umemgeukia nusu, simu mkononi, soma mambo yako. Weka omena kidogo kwenye kisahani karibu na boksi, ukimaliza dakika zako uondoke. Macho yenu yakikutana usimkodolee. Yafumbe taratibu, uyafumbue taratibu. Paka wao kwa wao hivyo ndivyo wanavyoambiana hakuna vita. Kesho kisahani kisogee kidogo upande wako. Siku atakayokula ukiwa mumo humo ndani, hiyo ni sikukuu, wala usiiharibu kwa kunyoosha mkono. Akija kukunusa mwenyewe, mpe kidole kimoja chini ya usawa wa pua, kizima, si kile kilichofungwa bandeji. Na daktari wa wanyama amtazame meno na viungo, kwani wako paka wanaoitwa wakali miaka nenda rudi na kumbe wanaumwa jino.

Huenda akazoea, huenda asizoee. Ikipita miezi bado anaishi kama mpangaji anayekudai, liko jambo jingine la heshima: ahasiwe, achanjwe, atafutiwe mahali penye kazi na paa, ghala la nafaka au zizi la farasi, na mtu wa kumwekea chakula kila siku. Paka wengi wa namna yake wanaishi hivyo na wamenawiri. Si lazima kila paka apende mapaja.

Wewe umepanga yeye ndiye arudi. Mimi nakwambia kinyume, na najua utanikasirikia. Anayepaswa kuondoka kwanza ni Mzee.

Tazama nini kitampata kila mmoja. Zuhura ukimrudisha, anaingia kwenye kizimba, mbwa wanabweka ng'ambo ya ukuta, watu wanapita mbele yake kutwa. Paka wengi wanayo mwilini virusi ya mafua, inalala kimya muda wote, hofu ndiyo inayoiamsha. Akishikwa na mafua pua inaziba, asiponusa chakula hali, na paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili huanza kurundikana kwenye ini, likashindwa kazi. Woga peke yake unaweza kumfikisha huko bila mtu yeyote kumkosea. Kwako yeye anahitaji chumba kimoja, sahani moja na subira, vitu ambavyo hata mwenye mimba anaweza kuvitoa akiwa ameketi.

Mzee anahitaji saa. Kila baada ya saa 12, chakula kwanza kisha sindano. Asipokula, humpi dozi ileile kama kwamba amekula, unampigia daktari. Sukari ikishuka mno atalegea, atapepesuka, pengine atatetemeka hadi aanguke kifafa, na mtu aliye karibu inabidi ajue kumpaka asali au glukosi kwenye fizi na kumkimbiza. Nani anayajua haya nyumbani kwenu zaidi yako? Uchungu ukikukamata saa kumi usiku, au ukiwa Mombasa na tumbo la miezi minane, nani atavuta dawa? Na kuivuta kwenyewe kuna mtego. Insulini nyingi za wanyama ni za U-40, yaani yuniti 40 kwa kila mililita, za binadamu ni U-100, na mabomba yake ya sindano ni mbalimbali. Dawa ya U-100 ukiivuta kwa bomba la U-40 ukafuata mistari iliyochorwa, umempa paka mara mbili na nusu ya kipimo. Mume wako anaweza kufundishwa, sisemi hawezi. Lakini mwanamume aliyekwisha kusema "wote watoke" hatakuwa nesi mzuri.

Tena huyo Mzee unayemlilia ndiye mwenye bahati. Anapenda kila paja. Nyumba yoyote yenye mtu wa ratiba itamtosha, mstaafu anayeamka alfajiri kwa mfano, na ndani ya wiki atakuwa ameshakusahau. Samahani, lakini ndivyo alivyo. Huyo si wa kukaa kwa mlezi wa muda miezi mitano, mlezi anakaa na asiyewekeka kwingine.

Mimba sasa. Manyoya hayaharibu mimba. Ugonjwa wenyewe unaitwa toksoplasmosi, na ni kweli kwamba mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza mtoto tumboni anaweza kudhurika. Vijidudu hutoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye manyoya, na kikishatoka huchukua angalau siku moja kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga ukizolewa kila siku, hatari imepungua sana; na kuanzia leo wa kuuzoa ni mumeo, si wewe. Siku akisafiri, vaa glovu, kisha unawe. Paka wa ndani anayekula chakula kilichopikwa au cha kopo, asiyewinda panya, si rahisi kuwa navyo. Watu wengi huupata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, hivyo nyama choma yenye damudamu iache kwa sasa, na sukuma wiki uioshe. Ukienda kliniki omba kipimo cha damu, kitaonyesha kama uliwahi kuupata zamani. Haya yote mweleze mama mkwe, bila kiburi cha msomi. Ana hofu ya mjukuu, na hofu hiyo ina mzizi.

Kisha acha kumfanya adui. Mtu anayechovya mandazi kwenye chai yake amlishe paka hamchukii huyo paka. Bahati mbaya mandazi ndiyo yanayompandisha Mzee sukari. Wapo paka wanaodungwa mapema, wakalishwa nyama na protini bila wanga, na baada ya miezi michache sukari ikatulia hata sindano ikasimama, lakini si kwa mandazi. Mwambie hivyo, kisha mpe kazi: awe yeye wa kumpa kuku wa kuchemshwa, asiye na chumvi wala kitunguu, saa ileile ya chakula. Ya msala hayo yana dawa, ukunjwe uwekwe kabatini ukishaswaliwa. Kuhusu najisi sina haja ya kumfundisha. Kwa umri wake huenda anaijua kuliko mimi hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, kwa kuwa paka si najisi.

Mume wako ana haki ya kukasirika, na kinachomuudhi si harufu. Uliahidi wiki mbili, akakubali wiki mbili. Kila asubuhi akimkuta Mzee kochini anaona neno lako halina uzito, na bado hajajua ya pesa. Mwambie leo, kabla hajajumlisha mwenyewe. Usianze na machozi wala na huruma ya wanyama. Anza na pesa, taja kiasi, useme imekwisha. Kisha mpe tarehe: Mzee anaondoka siku fulani, Zuhura anabaki chumba kile mpaka mwezi wako wa saba, na hakuna paka mwingine atakayeingia mpaka mtoto awe na miezi kadhaa. Mwanamume aliyesema "mwisho wa mwezi" mara nyingi alikuwa anatafuta tarehe ya kushika, na hiyo sasa anayo. Akikataa Zuhura abaki, basi ni nyumba yake pia. Utamrudisha, na hutakuwa umemsaliti paka yeyote.

Waliobaki ni kituo. Kulea kwa muda ni makubaliano: paka ni wao, gharama za matibabu ni zao, wewe unatoa nafasi na mikono. Kama hamkuandikiana, andikianeni sasa, nani analipa dawa, nani anapigiwa usiku wa manane, na lini paka anaondoka. Waambie wiki hii, si mwezi wa nane, kwa sababu mtu wa kumchukua paka wa sindano hapatikani kwa siku tatu. Mwandikie Mzee karatasi yake: aina ya insulini, aina ya bomba, kipimo, saa, na kwamba humdunga kwenye ngozi ya ubavuni akiwa na kichwa ndani ya sahani, wala hashtuki. Anayekuja kumchukua amdunge mbele yako angalau mara mbili kabla hajaondoka naye.

Watakulilia. Watasema hakuna mlezi mwingine, vizimba vimejaa, na yote yatakuwa kweli. Wewe wape tarehe. Wakikuomba uisogeze, warudishie ileile, kwa maandishi.